Kumbukumbu za shirika dogo kwenye wingu: mwongozo kamili kwa mashirika ya kijamii ya Lamu

Katika ofisi ya kikundi kimoja cha kina mama, ndani ya vichochoro vya Mkomani, nilionyeshwa sanduku la bati lililobeba kumbukumbu za miaka sita. Mlikuwamo madaftari ya mahudhurio, risiti zilizobanwa kwa pini zilizoota kutu, na diski ya kuhifadhia data iliyofungwa kwa kipande cha leso. Tulipoichomeka kwenye kompyuta, diski haikuwaka. Mdomo wa waya wake ulikuwa na utando wa kijani, ule ule unaoota kwenye shaba yoyote inayopigwa na upepo wa bahari. Majina ya wasichana waliolipiwa karo, picha za visima na hesabu za ruzuku mbili vyote vilikuwa humo, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Bibi mweka hazina aliishika ile diski kwa muda, kisha akaniambia: “Mwanangu, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na lenyewe limepotea.”

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mashirika ya namna hiyo: yenye wafanyakazi wawili au watatu, wengine wa kujitolea, kompyuta moja ya pamoja, simu nyingi, na mtandao wa kubahatisha. Lengo lake ni moja, nalo ni kuhakikisha kwamba kumbukumbu za shirika zinakuwa mali ya shirika lenyewe, si mali ya simu ya katibu wala ya diski iliyo sandukuni.

Kwanza, wingu ni nini

Neno hili huwapotosha wengi, kwa sababu data haiendi angani. Hifadhi ya wingu ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, zilizokaa kwenye majengo maalumu yenye umeme wa akiba na walinzi, nasi huzifikia kwa intaneti. Intaneti yenyewe hutufikia kwa sehemu kubwa kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipoharibika upande wa kusini, mtandao ulizorota katika Afrika Mashariki nzima. Ninalitaja tukio hilo mapema ili msomaji ajue msimamo wa mwongozo huu: kila hatua iliyomo imepangwa kwa kudhani kwamba mtandao utakatika, kwa hiyo kazi lazima iweze kuendelea bila mtandao na kupanda kwenye wingu baadaye.

Hatua ya kwanza: hesabuni mlicho nacho

Msifungue akaunti yoyote kabla ya kukaa kikao cha nusu siku na kuorodhesha kumbukumbu zenu zote. Hii ndiyo hatua ambayo mashirika mengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama zitakazofuata zitafaulu. Chukueni karatasi kubwa, mwandike kila aina ya kumbukumbu katika mstari wake: katiba na cheti cha usajili, mihutasari ya vikao, orodha za wanachama, risiti, taarifa za benki na za malipo ya simu, mikataba ya wafadhili, ripoti, picha, na fomu za walengwa. Kwa kila mstari jibuni maswali haya: iko wapi sasa, nani anaishika, nani mwingine anaihitaji, ikipotea tutaumia vipi, na ikionwa na mtu asiyehusika nani ataumia.

Maswali mawili ya mwisho yanafanana kwa juu tu. Risiti za mafuta ya boti zikipotea, ukaguzi utawatatiza, lakini zikionwa na jirani hakuna atakayedhurika. Fomu ya msichana aliyeeleza ukatili aliotendewa nyumbani ni kinyume chake. Ikipotea inaweza kujazwa tena, bali ikivuja katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, madhara yake hayafutiki. Kwa hiyo pigeni mstari mwekundu chini ya kila kumbukumbu ya aina hii ya pili. Hizo ndizo za mwisho kuhamishwa, na zitawekwa mahali pa peke yake.

Kikao kikimalizika, chagueni aina moja tu ya kuanza nayo. Ushauri wangu ni kuanza na risiti na hesabu, kwa sababu faida yake huonekana ndani ya mwezi mmoja, pale ripoti ya mfadhili inapotakiwa na kila kitu kinapatikana bila kupekua sanduku.

Hatua ya pili: akaunti iwe ya shirika

Ninalijua shirika ambalo lilitumia anwani ya barua pepe ya katibu wake kwa miaka mitatu. Katibu alipata kazi ng'ambo, akabadilisha laini ya simu, na nenosiri akalisahau. Barua za wafadhili ziliendelea kuingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyeweza kulifungua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, pale akaunti ilipofunguliwa kwa jina la mtu.

Njia nyepesi ni akaunti ya bure ya Google kwa jina la shirika, ambayo hutoa gigabaiti 15 zinazogawanywa baina ya barua pepe, faili na picha. Kwa kikundi kinachoanza, nafasi hiyo inatosha hesabu na mihutasari kwa miaka. Jihadharini na jambo moja: akaunti ya bure isiyoguswa kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, kwa hiyo kikundi kinachofanya kazi kwa msimu lazima kiwe na mtu wa kuifungua mara kwa mara.

Njia bora ni mpango wa mashirika yasiyo ya kutafuta faida. Google hutoa Workspace, yaani barua pepe, hifadhi na programu zake za ofisi kwa pamoja, bila malipo kwa mashirika yanayokubaliwa, na ndani yake mna hifadhi za pamoja, ambamo faili humilikiwa na shirika na hubaki hata aliyeitengeneza akiondoka. Microsoft nayo hutoa Microsoft 365 Business Basic bila malipo kwa hadi watumiaji 300, ingawa Word na Excel za toleo hilo hufanya kazi kwenye kivinjari na kwenye simu tu, hazisakinishwi kwenye kompyuta. Mpango wa Google haupokei ofisi za serikali, hospitali wala shule. Madrasa au shule inayosoma mwongozo huu itafute mpango wa elimu, ambao ni tofauti.

Ili kukubaliwa, mtahitaji cheti cha usajili. Mashirika ya kitaifa sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 14 Mei 2024, na vikundi vya kijamii viko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Andikeni jina kwenye ombi kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, kwa kuwa tofauti ndogo inaweza kuchelewesha uhakiki. Mtahitaji pia jina la kikoa, yaani anwani yenu kwenye intaneti, ile inayofuata alama ya @ katika barua pepe, na kwa mashirika ya Kenya kikoa kinachofaa ni kile kinachoishia na .or.ke, kinachosimamiwa na KeNIC na kuuzwa na mawakala wake kwa ada ya kila mwaka. Ada hiyo iingizwe kwenye bajeti kama kodi ya ofisi. Kikoa kikiisha muda, barua pepe zote husimama.

Kati ya Google na Microsoft, chagueni kile ambacho wengi wenu tayari mnakitumia kwenye simu zenu, kisha mkae nacho. Shirika dogo lililogawa faili zake kwenye mahali pawili limerudi kwenye sanduku la bati.

Hatua ya tatu: funguo

Wawepo wasimamizi wawili wa akaunti, asiwe mmoja, na wasiwe watu wa nyumba moja. Kila mtumiaji awe na nenosiri lake, refu, la maneno manne au matano yasiyohusiana, na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingiza tarakimu za mara moja baada ya nenosiri, uwashwe kwa wote bila kubagua mwenyekiti. Kwa kupata tarakimu hizo, tumieni programu ya kutengeneza tarakimu kwenye simu badala ya ujumbe mfupi. Sababu ni mbili: matapeli hapa nchini hubadilisha laini za watu kwa hila na kupokea jumbe zao, na programu ile hutoa tarakimu hata pasipo mtandao, jambo ambalo mtu aliyeko Kiunga au Kizingitini ataona thamani yake siku ya kwanza.

Google hutoa pia seti 10 za tarakimu za akiba. Zichapisheni, ziwekeni kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri au gundi na kutiwa saini na watu wawili juu ya mfuniko wake, kisha bahasha ihifadhiwe pamoja na cheti cha usajili. Mfanyakazi anapoondoka, hata kwa heri na dua, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: folda na majina

Tengenezeni folda chache: Utawala, Fedha, Miradi, Picha, na ile ya faragha. Nimeona mashirika yaliyoanza na folda arubaini, na baada ya miezi mitatu kila mtu alikuwa akiacha faili nje kwa kutojua aziweke wapi.

Jina la faili lianze na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha aina, kisha mahali. Mfano, mahudhurio ya kikao cha Matondoni cha tarehe 14 Machi 2025 yaitwe 2025-03-14_mahudhurio_Matondoni. Kwa mpangilio huo kompyuta yenyewe huzipanga faili kwa mfuatano wa siku. Jina kama “orodha mpya ya mwisho kabisa 2” halimsaidii yeyote, hata aliyeliandika. Mwandike kanuni hiyo kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta.

Kisha gaweni ruhusa. Mfumo hutofautisha kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Mweka hazina na msaidizi wake wahariri hesabu. Kamati itazame tu. Mfadhili apewe kutazama folda ya mradi wake na si zaidi. Iepukeni kabisa ruhusa ya “yeyote aliye na kiungo” kwa faili zenye majina ya watu, kwa sababu kiungo kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp hakina tena mwenyewe.

Risiti za karatasi zipigwe picha kwa kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya programu ya Drive, ambayo ni hifadhi ya wingu ya Google, kwenye simu, ambacho hunyoosha karatasi na kuitoa kama PDF. Fanyeni hivyo siku ile ile risiti inapopokelewa, kwa kuwa wino wa risiti nyingi za mashine hufifia, na joto huuharakisha. Karatasi yenyewe msiitupe, kwani mkaguzi anaweza kuidai.

Hatua ya tano: kazi za nyanjani

Hapa ndipo wingu linapowafaa zaidi watu wa visiwa. Boti iendayo Faza hupita mlango wa Mkanda, na maji yakiwa yamekupwa hungojea yajae. Mkusanyaji data anaweza kuondoka alfajiri na kurudi kesho yake, mtandao ukipatikana sehemu na kukosekana sehemu. Akibeba fomu za karatasi, hurudi na rundo lililorowa pembeni, kisha mtu mwingine hukaa siku mbili kulinakili kwenye kompyuta, na makosa huingia katika kunakili.

KoboToolbox ni huduma iliyotengenezwa kwa kazi za namna hii, na mashirika yasiyo ya kutafuta faida yanaweza kuanza nayo bila malipo. Maswali hutungwa kwenye kompyuta, kwa Kiswahili, kisha programu ya KoboCollect husakinishwa kwenye simu za Android. Jioni kabla ya safari, kila mkusanyaji aifungue programu akiwa na mtandao na apakue fomu tupu. Huko aendako atajaza bila mtandao, na kila fomu itahifadhiwa ndani ya simu. Akirudi kwenye mtandao atazituma zote kwa pamoja. Ofisi huziona zimeshajipanga kwenye jedwali.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni maswali ya kujaza maneno pale ambapo orodha ingetosha. Mkiacha mkusanyaji aandike jina la kijiji, mtapata Kizingitini, Kizingiti na Kizngitini, na hesabu itawaonyesha vijiji vitatu. Wekeni orodha ya kuchagua. La pili ni picha. Picha moja ya simu ya siku hizi yaweza kuwa megabaiti 3, hivyo picha 400 ni takriban gigabaiti 1.2, ambazo bando dogo halizibebi. Fomu ya Kobo huruhusu kuwekewa kikomo cha ukubwa wa picha. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 300 kila moja, zile 400 zitakuwa megabaiti 120, na sura ya kisima bado itaonekana vizuri.

Simu zenyewe zifungwe kwa nenosiri na ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Mkusanyaji asizifute fomu kabla ofisi haijathibitisha kwamba imezipokea.

Hatua ya sita: haki za wenye data

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu pia ninyi, hata kama ni kikundi cha watu kumi. Mwelezeni mtu kwa lugha anayoielewa kwa nini mnachukua taarifa zake, mtazitunza kwa muda gani na nani ataziona, kisha mpate ridhaa yake. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Taarifa nyeti, kama za afya, zikichakatwa nje ya Kenya sheria inataka ridhaa ya mwenyewe na ulinzi uliothibitishwa; na kwa kuwa seva za kampuni hizi ziko nchi nyingi, fomu yenu ya ridhaa itaje wazi kwamba taarifa zitahifadhiwa kwenye mtandao nje ya nchi. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wahusika, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ijulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipofahamu.

Kuhusu usajili, shirika lenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 limesamehewa, lakini msamaha huo haugusi kazi fulani zilizotajwa kwenye kanuni, zikiwemo huduma za afya na uendeshaji wa taasisi za elimu. Anayeendesha zahanati ndogo au shule ya chekechea asijihesabu kuwa amesamehewa kwa udogo wake.

Binafsi nashauri zaidi ya sheria: msichukue taarifa msiyoihitaji. Kama mradi ni wa kugawa nyavu za mbu, hakuna sababu ya kuandika nambari za vitambulisho vya familia nzima.

Hatua ya saba: nakala za akiba

Wengi hudhani faili ikishakuwa kwenye wingu basi iko salama milele. Ukweli ni kwamba kompyuta iliyounganishwa na wingu hulingana nalo. Ukifuta faili hapa, hufutika na kule. Kwenye Drive, kilichotupwa hukaa kwenye pipa siku 30 kisha hutoweka. Kwa hiyo kanuni ya kale ya watu wa kompyuta inabaki palepale: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine.

Kila mwisho wa mwezi, pakueni folda zote kwenye diski mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ikae kwa mjumbe wa kamati anayeishi mbali na ofisi, tuseme Shela au Mokowe, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Diski isifungwe kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa huvuta unyevu wa chumvi. Itieni ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na vifuko hivyo mvibadilishe kila baada ya miezi michache.

Hatua ya nane: kuwafundisha watu

Msiitishe warsha ya siku mbili. Mtu hufundishwa kwa kazi yake mwenyewe, saa moja kwa wiki, akiwa na simu yake mkononi. Bibi mweka hazina niliyemtaja hakujifunza “lahajedwali”. Alijifunza kuandika malipo ya maji ya wiki ile, na alipoona jumla imejitokeza yenyewe chini ya safu, akaihesabu tena kwa kalamu, akakuta ni sawa, ndipo akaniruhusu kuendelea. Heshimuni kuhesabu huko kwa kalamu. Endesheni daftari la karatasi na la wingu sambamba kwa miezi mitatu, na kila Ijumaa mlinganishe. Msianze ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani wala siku za Maulidi, maana hakuna atakayekuwa na nafasi.

Gharama halisi ni bando. Wekeni simu na kompyuta zisipandishe picha ila zikiwa kwenye Wi-Fi, washeni hali ya kufanya kazi nje ya mtandao kwenye kivinjari cha Chrome, na waliojitolea warudishiwe fedha za bando lao kwa utaratibu ulioandikwa, kwa sababu anayelipa kimya kimya mfukoni mwake ataacha kimya kimya vilevile.

Mwishoni mwa miezi mitatu, fanyeni jaribio. Chagueni risiti moja ya mwezi uliopita, mmpe kijana mgeni zaidi ofisini simu ya kuazima, na mmwombe aingie kwa akaunti yake, aipate risiti hiyo na kumtumia mwenyekiti. Kisha mwambieni msimamizi wa pili arudishe folda moja kutoka kwenye diski iliyoko Shela, bila kumuuliza msimamizi wa kwanza. Yeyote kati yao akikwama, andikeni alipokwamia, mparekebishe wiki hiyo hiyo, na jaribio lirudiwe kabla ya kuhamisha aina ya pili ya kumbukumbu.